Mgodi Uliofungwa Jumanne

Chumba namba nane, idara ya takwimu za madini, tulikaa wawili: mimi na Bi Takwimu. Jina hilo tulimpa wenyewe, la kwao hakuna aliyelikumbuka tena. Kazi yake ilikuwa kupokea fomu za migodi na kuandika kwenye daftari tani zilizochimbwa kila mwezi, kisha anatia sahihi. Mgodi usipoleta fomu, utaratibu wetu mtukufu ulikuwa kunakili za mwezi uliopita. Eti nafasi tupu inamkera mkurugenzi.

Ndiyo maana mgodi wa bondeni, uliojaa maji ukafungwa miaka sita iliyopita, uliendelea kutoa tani mia nne kila mwezi, bila mtu wala sururu. Haukuugua, haukuomba likizo. Laiti sisi wenyewe tungekuwa hivyo!

Na msidhani Bi Takwimu hakujua. Mdogo wake wa kiume alichimba hukohuko, akarudi nyumbani na kifua kimejaa vumbi. Alijua, akanakili. Nami nilimwona, nikanywa chai yangu.

Sasa wakubwa wakaamua mwananchi aelimishwe. Kikachapwa kijitabu cha rangi, *Yajue Madini Yako*, na mgodi wa bondeni ukasifiwa humo kwa uzalishaji usioyumba. Makofi!

Wiki hiyohiyo mdogo wake akaenda kuomba kadi ya matibabu ya bure, wanayopewa waliopoteza kazi mgodi wao ulipofungwa. Karani wa kadi akafungua kijitabu. "Mgodi mbona upo, kaka? Rudi kazini."

Akapanda ngazi mpaka kwetu, anahema.

"Dada, nani kaandika haya?"

"Mimi, mdogo wangu." Machozi yalimtoka Bi Takwimu palepale.

Akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, mimi nyuma yake.

"Mzee, ule mgodi ulishakufa. Nimekuwa nikiandika uongo."

"Sifuri? Grafu yangu itaonekanaje?"

"Itajua yenyewe! Sitoki humu mpaka uandike umefungwa."

Lo! Miaka kumi na tisa sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Mkurugenzi akaandika, akagonga muhuri. Ilikuwa Jumanne. Tulirudi chumbani tunacheka kama tumeshinda uchaguzi.

Mdogo wake akaomba kadi upya, na baada ya wiki mbili likaja jibu. Kwa mujibu wa takwimu zilizosahihishwa, mgodi umefungwa Jumanne hiyo. Za nyuma haziguswi, zimeshachapishwa. Mwombaji aliondoka miaka sita kabla, kwa hiyo aliacha kazi kwa hiari yake. Ombi limekataliwa. Pole sana, na asante kwa kutumia huduma zetu.

Akakata rufaa, maskini, anakohoa kila hatua. Wakamuuliza ana ushahidi gani kwamba mgodi ulikuwa umefungwa miaka yote hiyo. Hakuwa nao. Wao walikuwa nao wa kwao: wakamwekea daftari mezani, kurasa sabini na mbili, kila ukurasa na sahihi ya dada yake.