Siku Walipotoa Mirija Chunguni

Nilipoinama kwenye chungu, wote walitoa mirija yao. Watu saba, wazee wenzangu, siku ya mahari ya binti wa dada yangu Yustina, na pombe ilikuwa bado nusu. Hakuna aliyenitukana. Yustina alinisogezea kidumu kilichokatwa mdomo, akasema, "Kaka, ya kwako hii hapa, usihangaike." Nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilishukuru.

Nilikuwa na wiki mbili tangu nitoke wodi ya kutengwa, nimepona ule ugonjwa wa vipele, mpox. Daktari alinishika mkono bila glovu, akaniambia, "Baba, nenda nyumbani, umepona."

Nyie tuliokua wote kwenye vilima hivi vya Kibondo mnajua chungu kilivyokuwa. Tulishinda tukiserereka kwenye magogo ya migomba mpaka kaptula zinatoboka nyuma. Tukirudi tunakuta wakubwa wamekizunguka, mirija imesimama kama mabua shambani. Sisi tulipewa togwa, kata moja, midomo kumi, na kamasi za mwenzako ulizinywa ukasema asante. Siku hizi kijana akitoka Kasulu mjini ana kachupa kake. Anakapiga picha kwanza, ndipo anakunywa, peke yake.

Lakini kuna siku moja sijawahi kumaliza kuifikiria. Baba mdogo Zabroni alirudi kutoka kambi ya wakoma. Alikuwa ametibiwa, ila vidole vingine havipo. Akasimama uwanjani na kifurushi chake, watu wanatazama chini. Bibi yetu Matrida akaagiza chungu kiletwe. Mrija wa kwanza akampa Zabroni. Zabroni akavuta. Bibi akauchukua mrija uleule, hakuupangusa, akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Akampa babu. Babu akampa jirani. Mrija mmoja ukazunguka uwanja mzima, na sisi watoto kule kwenye migomba tukaacha hata kutafuna miwa. Mwili wote ulinisisimka. Nimesali miaka mingi, sijaona kanisani jambo kubwa kama lile. Bibi alisema maneno machache tu: "Mtu harudi mwenyewe. Hurudishwa."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini neno hilo nimelielewa sasa. Wodini nilikaa nyuma ya turubai mpaka nikapoteza hesabu ya siku. Anayeleta chakula alikiweka chini, akarudi nyuma kabla sijakisogelea. Vipele vilikauka vikadondoka. Kilichobaki kiko ndani. Mlango ukifungwa nashtuka. Nanawa mpaka ngozi inapasuka. Binti yangu Neema, ana miaka minne, akinijia mbio narudi nyuma, nasema, "Simama hapohapo, mama." Kichwa kinajua nimepona, mikono haijui. Nabaki nashangaa jinsi mtu mzima, baba wa watoto sita, mkulima wa muhogo, anavyoweza kuvunjika bila kelele yoyote, na watu wakampita njiani wakimsalimia "mwakeye" kwa mbali.

Wa kulaumiwa nawataja. Yustina nimemsamehe nusu, kwa sababu aliogopa. Aliyemtia hofu ni Gervas, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Siku nilipochukuliwa alipita na kipaza sauti nyumba kwa nyumba, akitaja jina langu na la baba yangu, kwamba watu wasinikaribie. Sawa, ilikuwa kazi yake. Nilipopona nikampelekea cheti cha daktari akisome mkutanoni. Hakunyoosha mkono. "Kiweke pale juu ya jiwe, mzee, nitakichukua." Mvua ilikichukua kabla yake. Mkutano ukafanyika, wakajadili mbolea na barabara, jina langu halikutajwa.

Enzi zile bibi asiyejua kusoma alimrudisha mtu nyumbani kwa mchana mmoja. Leo tuna mihuri, tuna mikutano, na mimi nalala kwangu lakini bado sijafika.

Basi Gervas, nakuuliza mbele ya wenzetu tuliokua wote, na jibu nalitaka kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mtu. Nilipougua ulikuwa na sauti. Nilipopona nani alikunyamazisha? Neema ananiuliza kila asubuhi kwa nini simbebi. Njoo umjibu.