Kosa la Ukurasa wa Tatu

Kwa miaka kumi na tisa kwaya hii iliimba kutoka kwenye mwandiko wa mtu mmoja, mchora ramani mstaafu wa ofisi ya ardhi, mwembamba, ambaye wenzake humwita Rula. Herufi zake hulala kidogo kuelekea kulia, zote kimo kimoja, kama majina ya mito kwenye ramani. Wanakwaya wengi hawasomi noti za mistari mitano. Husoma do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi. Kazi ya Rula, isiyo na mshahara, ilikuwa kuzigeuza noti kuwa herufi: safu nne kila ukurasa, sauti ya kwanza juu, besi chini.

Mwaka juzi mtunzi kutoka nje alihitaji waimbaji arobaini kwa ajili ya wimbo mkuu wa mchezo wa video. Kisa cha mchezo ni mji unaohamishwa kabla ya mafuriko. Okestra ilikuwa imesharekodiwa kwingine. Kwaya ingeimba juu yake, kila mtu na vipokea sauti masikioni. Noti zilifika asubuhi ya siku ya kurekodi. Rula alizigeuza kwa saa tatu kwenye meza ya chakula, mkewe, mwimbaji wa sauti ya pili, akipepea kila ukurasa ili wino ukauke kabla ya kwenda kutoa nakala.

Kwenye ukurasa wa tatu wimbo unapanda: do inahamia juu, na kila sauti lazima ihame nayo. Rula aliweka alama ya kuhama kwenye safu tatu. Safu ya sauti ya pili aliiruka. Mchana ule, kwa sekunde ishirini, wanawake kumi na mmoja walibaki walipokuwa wakati wengine wote wanapanda. Mwalimu wa kwaya alikunja uso, lakini akadhani ndivyo mtunzi alivyotaka. Muziki wa siku hizi, nani ajuaye.

Baada ya siku nne mtunzi aliandika kulalamika. Mwalimu huyo, ambaye ndiye aliyesimamia harusi ya Rula, alimsimamisha mbele ya kwaya nzima.

"Jamani, rula yetu imepinda."

Besi ndio walioanza kucheka.

"Nimekosea," Rula alisema. "Nitaandika upya."

"Aa, kaka, pumzika. Macho yamechoka."

Wimbo ulirekodiwa tena kwa karatasi zilizochapwa kwenye kompyuta. Rula aliacha kwenda mazoezini. Mkewe aliendelea.

Mchezo ulipotoka, wachezaji hawakuacha kuzungumzia sehemu moja: pale mji unapohama na sauti za wanawake zinagoma kuondoka. Mtunzi alikuwa ametumia rekodi ya kwanza. Katika mahojiano, ambayo mke wa Rula alimsomea mumewe kutoka kwenye simu, mtunzi alieleza kwamba aliisikiliza upya baada ya mwezi na kuona kuwa ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Akamshukuru mwalimu wa kwaya kwa ujasiri wa kuwazuia wale wanawake wasipande.

"Nani kamwambia ni mwalimu?" Rula aliuliza.

Mkewe alizidi kuteremsha habari kwa kidole, kana kwamba jibu lilikuwa chini zaidi.

Mwaka huu, Jumatatu moja, mwalimu alikuja kupiga hodi mwenyewe. Mtunzi anakuja kwa onyesho la Jumamosi, alisema, na anataka ule ukurasa wa tatu ulioandikwa kwa mkono uwekwe ndani ya kioo pale ukumbini. Ulikuwa kwa Rula.

"Ulimwambia uliandika wewe?"

"Aliuliza, nikasema ni uamuzi wetu. Yeye akaelewa anavyojua. Ningeanzaje kumsahihisha mgeni?"

"Mimi ulinisahihisha."

Mwalimu alicheka peke yake. "Haya, nimekosa. Unataka nini?"

"Waambie wanakwaya. Magazeti siyahitaji. Waambie hao hao walionicheka: kosa ni la Rula, na ndilo linalosifiwa."

"Alhamisi, mazoezini, mtunzi mwenyewe akiwapo. Haki ya Mungu."

Rula alimpa ukurasa ndani ya bahasha ngumu ili usikunjike.

Alhamisi Rula hakwenda; alimwambia mkewe kwamba wakimwona wangesema amekuja kudai. Alinyoa ndevu, akavaa shati la kutokea, akakaa sebuleni. Mkewe alirudi saa kumi na moja jioni.

"Amesema?"

"Ameuinua ukurasa wako." Alikuwa bado anavua viatu. "Amesema aliuhangaikia wiki nzima."

"Wiki nzima! Noti si zilifika asubuhi ile ile?"

"Najua."

"Mwandiko wangu wanaujua wote."

"Wote. Besi walitazamana. Mwenzangu wa kushoto akanifinya. Halafu mtunzi akampa mwalimu mkono, watu wakapiga makofi."

"Na wewe ukanyamaza."

"Baba watoto, mgeni amesimama pale, nani atafungua mdomo? Onyesho ni keshokutwa. Mwalimu akinitoa mimi nikaimbe wapi? Halafu, tuseme ukweli, si ulikosea?"

"Nilikosea. Ndiyo maana nilitaka wajue ni langu."

Mkewe aliingia jikoni kuinjika maji. Rula alimfuata mpaka mlangoni.

"Na makofi?"

"Nimekwambia, watu walipiga."

"Nakuuliza wewe."

Aliwasha jiko mara mbili kabla moto haujashika.

"Nilipiga," alisema.