Mama Lipu na Bega Lililozoea Kuchomoka

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Lipu anasukuma ukuta. Ukuta hausogei, bila shaka. Kiwiko amekikunja, ngumi imegusa tofali, anasukuma taratibu huku akihesabu hadi kumi. Mbeba zege mmoja anapita na ndoo yake, anamuuliza huo ukuta umemkosea nini.

"Ukisogea nitakuita uje kuurudisha," anamjibu bila kugeuka.

Mama huyu amepiga lipu miaka kumi na moja, na ukuta wake, wenzake wanasema, unaupapasa mpaka unasahau kilichokuleta. Shida ni bega la kulia. Siku moja aliteleza jukwaani akadaka bomba kwa mkono mmoja, bega likachomoka. Basi likazoea. Mwaka mmoja, mara tatu. Ya tatu alikuwa anaanika shuka tu, yaani shuka.

"Nikawa sinyanyui mkono hata kumpungia mtu," anasema. "Watu wakasema siku hizi naringa."

Daktari alimwambia misuli inayolishika bega imelegea. Wajaribu mazoezi miezi minne. Likichomoka tena, upasuaji. Na upasuaji ni kukaa nusu mwaka bila kazi, wakati nyumba nzima inamtegemea yeye: watoto wawili na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Kazini msimamizi alishamshusha, apige lipu isiyopita kifua, kwa nusu ya malipo.

Mtaalamu wa mazoezi akampa utepe wa mpira. Aufunge kwenye kitasa cha mlango, kiwiko kibaki ubavuni, avute polepole mara kumi na tano. Mama Lipu akaona kama anadharauliwa. Mtu wa kubeba mifuko ya saruji, avute kampira? Akakata mpira wa tairi la baiskeli, akaukunja mara mbili, akavuta mpaka jasho likamtiririka. Siku ya nne kitasa kikang'oka, naye akaenda chini. Bega likateleza nusu, likarudi lenyewe.

Wifi yake ndiye aliyemkuta sakafuni. "Wifi, kaka yangu aliacha kitasa kimoja tu kizima," akamwambia akimwinua, "nacho umekimaliza."

Alirudi kliniki kichwa chini. Mtaalamu hakumgombeza. Alimuuliza tu, lipu ukiipiga nene kwa mara moja inakuwaje.

"Inadondoka yote," akajibu. "Unapiga nyembamba, unaiacha ishike, ndipo unaongeza." Akakisikia mwenyewe alichokisema.

Tangu siku ile ni kusukuma ukuta kila asubuhi, na mpira mwepesi kila jioni. Wifi anamhesabia kutoka jikoni, na akivuta kwa pupa anarudishwa kwenye moja. Hii ni wiki ya kumi na nne, bega limetulia.

Leo mtaalamu amemruhusu kujaribu juu, robo saa basi. Anapanda jukwaa. Msimamizi yuko chini, mikono kiunoni. Mwiko unapita kifua, unapita bega, unapita kichwa, na wabeba zege wote wameacha ndoo zao. Lipu inashika. Bega nalo linashika.

Anapiga eneo la upana wa mlango, kisha anashuka. Msimamizi anashangaa: mbona anaacha, na mkono uko sawa?

"Leo nyembamba," anamwambia, akifuta mwiko. "Ila ile dari ya ngazi usimpe mtu. Hiyo niachie."