Funika Shamba

Nina hamu hata na kelele zake. Mama muuguzi aliyenifundisha kazi ya bloku, chumba cha upasuaji, hapa Kisangani, alikuwa na mdomo, jamani! Wiki yangu ya kwanza daktari alisema kwa Kifaransa tufunike champ, yaani pale tumbo lilipofunguliwa. Mimi, binti wa wakulima wa Banalia, nikasikia shamba, maana Kifaransa huita vyote viwili champ. Nikageuka kutazama dirishani, nikitafuta shamba gani tena. Bloku nzima ikacheka.

"Mumuache, amesema kweli," alisema mama, naye anafuta machozi ya kicheko. "Tumbo ikifunguliwa iko sawa na shamba bila majani. Joto yote inaenda. Funika shamba, mutoto."

Ikawa lugha yetu. Watu hawaamini kwamba mtu anaweza kushikwa na malili, baridi kabisa, katika mji huu ambao tunatoka jasho hata tukiwa tumekaa. Lakini daktari anataka klimatizeri ipulize baridi, mgonjwa yuko uchi, dawa ya usingizi imemnyima hata kutetemeka, na matumbo yake yako nje, yamelowa. Mwili ukipoa, damu haigandi vizuri. Kwa hiyo mama alichemsha maji kwenye mbabula, jiko la makaa, uani, akazamisha chupa za serumu, maji ya dripu, ndani ya beseni mpaka zipate joto la mwili. Mimi nililoweka kompresi, vile vitambaa vya bloku, humo, nikakamua, nikafunika matumbo. Nikizubaa zikapoa, loo!

"Wee! Kompresi ya malili ni mubaya kuliko kukosa! Unafunga liboke ya samaki ku majani ao unaua mutu?"

Nilikuwa nanuna hadi jioni. Leo ningelipa chochote anitukane tena.

Alipostaafu alirudi kwao Basoko. Mwaka jana nikapigiwa simu: utumbo wake umeziba, daktari yuko njiani, watampasua kesho kutwa. Nikasema nakuja. Nilitaka mikono itakayomfunika iwe yangu, si ya mwingine. Nikapanda boti la mizigo, nikakaa juu ya magunia ya chumvi, na injini ikazimika mara mbili kabla hatujafika hata nusu ya njia. Abiria mmoja akanipoza: "Mama, kuchelewa si kukosa." Nikamfokea mbele ya watu wote. Wapi! Kuna kuchelewa ambako ni kukosa tu, na nilikuwa nakujua.

Nilipofika alikuwa ameshafariki tangu asubuhi. Walimpasua jana yake, lakini utumbo ulikuwa umeoza, wakaniambia, hapakuwa na la kufanya. Sikuwa nimeuliza hilo. Nilimshika mkono muuguzi wa bloku yao, msichana wa juzi tu, nikamuuliza kama kompresi zilikuwa za moto.

"Yeye mwenyewe alitufundisha, mama. Mbele ya kupewa dawa ya usingizi aliomba serumu, akajimwangia ku mukono. Akakatala. Tukairudisha ku moto mara mbili, ndiyo akakubali. Kisha akauliza kama mutoto wake wa Kisangani amekwisha kufika."

"Mukamwambia nini?"

"Tulisema bado. Akaangalia mulango kidogo. Akasema, bon, muanze."