Masizi ya Shemeji Kwenye Karatasi

Majina ya wapangaji wangu wote, hapa nyuma ya lupango letu, kiwanja chetu cha Musonoi, ninayo kichwani. Siyaandiki. Hata la yule mchimbaji aliyekuwa akitafuta mawe ya madini chini ya kitanda chake, mpaka ukuta ukapasuka, naye akatoroka.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyefukia lile shimo na kuupandisha ukuta upya. Hakutaja bei. Nilimpikia bukari na samaki, na kila Jumamosi nikamtia pesa mkononi, tunacheka. Karatasi ya nini, mtu na shemeji yake?

Kisha akaingia mpangaji mwingine, mtu wa ofisi. Akaniambia, “Mama, Leta, watu wa serikali, watataka kodi juu ya pesa ya nyumba. Onyesha karatasi za matengenezo, watakupunguzia.” Nilimwamini kwa sababu ya kalamu zake mfukoni. Ukuta ulikuwa umekula pesa yote. Kilichobaki ni cherehani yangu.

Nikaenda kwa shemeji. Nikamwomba athibitishe nilichomlipa.

Akaniuliza, “Mulamu, leo niko mwizi?”

“Hapana, tata. Ni Leta wanataka.”

“Hii nyumba nilijenga na kaka yangu. Yeye hakuniombaka karatasi.”

Kuandika hakujua, kama mimi. Mtoto wa jirani akatuandikia. Shemeji akasugua kidole gumba kwenye masizi ya sufuria, akakikandamiza pale chini ya maandishi, akaingia ndani. Hakunisindikiza hata mpaka mlangoni.

Mtu wa kodi hakuisoma. “Mama, tunahesabu pesa yote uliyopokea. Ukuta ni wako. Hata ungeleta karatasi kumi.”

Niliuza cherehani, nikalipa.

Nilitaka kwenda kumwomba shemeji msamaha. Aibu ikanizuia. Nikasikia amehamia upande wa Nzilo, kulima. Nikasema, mvua zikiisha nitaenda. Mvua hazijaisha, wakaja kuniambia amekufa.

Kwenye kilio mke wake alinisogezea mkeka, tukakaa bega kwa bega. Akaniuliza polepole, “Dada, ile karatasi ilikusaidia? Alikuwa anauliza kila mara. Anasema, labda kidole changu hakikuonekana vizuri.”

Nikamwambia kilionekana. Nikamwambia walinipunguzia.