Glenys Hataki Mvua Kabla ya Alhamisi

Saa kumi na mbili asubuhi, Glenys Tranter ametoa nusu ya mwili nje ya dirisha la juu kabisa la jumba la kale la Marlcote, karibu na mpaka wa Wales. Anatazama nyasi, kisha mawingu, kisha nyasi tena.

"Bado ipo," anasema, akishuka ngazi mbiombio.

Kilichopo ni nyota iliyojichora kwenye nyasi. Kiangazi cha mwaka huu kimeunguza uwanja wote wa mbele, lakini palipochimbwa matuta ya maua enzi za mabwana wa kwanza wa jumba hili, udongo ni wa kina na nyasi zimebaki kijani. Ukiwa juu unaiona bustani nzima ya kale: nyota kubwa, njia zake, na duara palipokuwa na bwawa.

"Miaka ishirini na miwili nafyeka hapa," anasema mtunza bustani huyu mwenye umri wa miaka 58. "Kumbe nakanyaga bustani. Inaniuma, sikufichi."

Wamiliki wapya wanataka kumwaga kokoto hapo, waegeshe magari ya wageni wa harusi. Afisa wa mambo ya kale, aliyekwisha kuahirisha mara mbili, anakuja kesho, Alhamisi. Akiiona nyota kwa macho yake, anaweza kuzuia kazi. Lakini manyunyu ya Jumatatu yamezirudishia kijani nyasi zilizoungua na kuanza kufuta ncha mbili, na redio inatabiri mvua kubwa leo.

Kijiji kizima kinaililia mvua hiyo, akiwemo mumewe, Mervyn, mfugaji wa kondoo.

"Kondoo wangu wanalamba vumbi, mke wangu anaombea jua," Mervyn anasema jikoni, akimimina chai. "Nalala na adui."

"Kunywa chai yako, mzee. Nyota ikimwagiwa kokoto, hairudi."

"Itarudi kiangazi kingine."

"Chini ya kokoto?"

Mervyn anakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

Mchana kutwa Glenys haketi. Anachomeka vijiti kwenye kingo za nyota, anakwenda getini, anarudi, anapanda tena dirishani. Jioni mawingu yanafunga upande wa Wales. Tone la kwanza linampata shingoni, naye anakaa kwenye nyasi na kulia waziwazi.

Ndipo trekta la Mervyn linapoingia. Amebeba turubai jeusi analofunikia malisho ya majira ya baridi, na matairi makuukuu ya kulikandamiza. Mvua aliyoiomba tangu Juni inamchuruzika puani.

"Usinitazame hivyo. Shika pembe ile."

Turubai linafunika nusu ya nyota tu.

"Nusu inatosha," Glenys anasema, akiburuta tairi la mwisho. "Ila ni usiku huu tu. Likikaa zaidi, nyasi zitageuka manjano, tutakuwa tumeiua wenyewe."

Afisa ameahidi kufika saa nne asubuhi. Glenys atakuwa getini tangu saa moja. Akikubaliwa, anataka kuyachimbua matuta yale vuli hii na kuyapanda maua upya.

"Na asipokuja?" Mervyn anamuuliza.

"Nitamfuata kwake. Wewe utanipeleka."

"Kwa trekta?"

"Kwa chochote kile."

Mervyn anaukung'uta maji mfuko wa koti, anatoa ufunguo, na kuuchomeka tena kwenye trekta, tayari kwa asubuhi.