Uji wa Mtama Juu ya Sanamu ya Baba

Sikulazimishi uamini. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, saa tisa mchana, jua likiwaka, nami sijaonja hata tone la pombe.

Baba alichimba visima nchini Mali kwa miaka mingi. Aliporudi kwetu Ahero alileta sanamu ya Wadogon, watu wa huko: mtu wa mbao, urefu wake kama mkono wangu, mikono yote miwili imeinuliwa juu. Inaomba mvua, Baba alituambia. Mzee aliyempa alimwagiza hivi: ukiwa na ombi, imwagie uji wa mtama, na usiioshe kamwe. Baba alishika agizo hilo hadi kufa. Uji ulikauka tabaka juu ya tabaka, ukawa gamba jeusi.

"Mzee, hata mti inakunywa uji kabla yangu?" Mama alikuwa akimtania. Baba alicheka, akamwaga. Harufu ile ndiyo utoto wangu.

Tulipokwisha kumzika, nikataka kuiuza. Muuza vinyago mmoja mjini Kisumu aliitazama, akakunja pua. "Bwana, toa hiyo uchafu kwanza. Mgeni hawezi nunua." Nikaisugua kwa brashi na sabuni, nikaipaka vanishi. Iling'aa!

Kesho yake nilikuwa kibandani kwake tukingoja mteja, sanamu ikiwa mezani. Akaja mzee nisiyemjua, anatembea mikono ikiwa juu. Hakuishusha. Alinukia uji wa mtama.

"Mwanangu," akasema, akiielekeza sanamu kwa kidevu, "hapa begani palikuwa na homa yako ya mwaka ule wa mafuriko. Hapa kifuani, asubuhi uliyokwenda kwenye mtihani ukilia. Baba yako aliyaweka kwangu. Umeyapeleka wapi?"

Niambie, angejuaje? Siku ile ya mtihani Baba peke yake ndiye aliyeniona nikilia.

"Bwana, unaongea na nani?" muuza vinyago akaniuliza. Nikamgeukia. Nilipotazama tena, mzee hakuwapo. Mezani palikuwa na matone ya uji, bado ya moto.

Niliirudisha sanamu nyumbani siku ileile. Sasa kila msimu wa kupanda naimwagia uji, lakini vanishi haiushiki. Unateleza hadi sakafuni, nami naupangusa. Mama hutazama tu. Hanitanii.

Basi wewe uliyeachiwa kitu na wazazi wako, kabla hujakisafisha, uliza kwanza ule uchafu ni nini. Mimi maombi yote ya baba yangu niliyamaliza kwa muda mfupi, kwa kipande cha sabuni ya kufulia.